Aliponiita Mwonevu Alikuwa Anacheka

Vijana wa benchi la duka la kona, hapa Mjimwema, Songea, nawasikia. Dirisha langu liko jirani, na masikio yangu bado yanafanya kazi vizuri kuliko magoti. Mnabishana juu ya mpira, juu ya wanasiasa, juu ya yule kijana aliyemwacha mchumba wake wiki ya harusi. Mmoja anasema alichofanya ni kibaya. Mwingine anamjibu, "Hizo ni hisia zako tu, kaka." Basi, mabishano yanaishia hapo, mnarudi kwenye simu zenu.

Jibu hilo nililitumia mimi kabla hamjazaliwa. Nililitumia kazini, nikiwa nimevaa koti la kazi, mbele ya watu wengi, kwa mama mmoja ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea. Leo nimeamua kuwaandikia, kwa sababu mkinikuta pale dukani huwa mnaniamkia shikamoo, mnanipa nafasi ya kukaa, halafu mnanyamaza. Mtu hawezi kusimulia kitu kwa watu walionyamaza kwa heshima.

Kazi yangu ilikuwa uteuzi wa tumbaku. Siku ya soko wakulima hupanga marobota yao kwa mistari ndani ya ghala. Mteuzi anapita robota hadi robota, anachomoa majani, anayatazama, anayashika, anayanusa, kisha anatamka daraja. Akishatamka, imekwisha. Msimu mzima wa mtu, tangu kitaluni hadi kushona robota, unasubiri neno moja kutoka kwenye mdomo wa mtu ambaye pengine asubuhi amegombana na mkewe. Ndiyo kazi yenyewe.

Tumbaku yetu ya upande wa Namtumbo ni ya moshi. Majani hutundikwa ndani ya bani, banda la kukaushia, na chini yake unawekwa moto wa magogo ambao hauruhusiwi kuwaka sana wala kuzimika. Ukiwaka, unapika majani. Ukizimika, yanaota ukungu. Mkulima anakaa na moto ule kama mtu anayeuguza mgonjwa. Kuni zake lazima ziwe ngumu, za moshi mzito. Kumbukeni hilo la kuni, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Nilifundishwa na mzee mmoja aitwaye Gama, mfupi, mkimya, mwenye vidole vyeusi kwa tumbaku ya miaka mingi. Alinifundisha kwamba jani la juu ya robota halisemi chochote, kwa sababu kila mkulima ana akili na huweka majani mazuri juu. Ingiza mkono katikati. Shika jani, likunje kwenye kiganja, kisha fungua mkono. Jani zuri hujikunjua polepole, kama mtu anayeamka bila haraka. Lenye maji mengi hubaki limejikunja. Lililokauka mno huvunjika, na hapo mkulima anakutazama kama umemvunjia kidole. Usitoe daraja chini ya bati saa sita mchana, macho yatakudanganya. Usinywe chai ya tangawizi kabla ya kazi. Hayo leo yanafanywa kwa mashine ya kupima unyevu, na vijana wanaoshika mashine hizo wananishangaa nikiwaambia tulitumia pua. Tulitumia pua, na mara nyingi hatukukosea.

Lakini siku moja, nikiwa bado mgeni, nilikosea vibaya sana. Asubuhi nilikuwa nimekula ugali kwa dagaa wa Nyasa, wale wakavu, nikiwachambua vichwa kwa mikono. Nilipofika ghalani nikanusa robota la kwanza, likanuka samaki. La pili, samaki. La tatu, samaki. Nikasimama katikati ya ghala kama hakimu nikatangaza kwamba wakulima wa kijiji kile wanahifadhi tumbaku pamoja na samaki, na kwamba sitapokea robota hata moja. Wakulima wakaanza kutupiana lawama. Mmoja akamshika jirani yake shati.

Mzee Gama alinivuta pembeni, akanipa majivu na kopo la maji, akaniambia ninawe mpaka kwenye viwiko. Niliporudi, robota la kwanza lilinuka tumbaku. La pili, tumbaku. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakunigombeza. Alisema, "Harufu ilikuwepo kweli, hukudanganya. Ila haikuwa ya tumbaku." Tangu siku hiyo akaniwekea sheria: ukijikuta unalichukia jani, liweke chini, kanawe, lishike tena. Likibaki baya, ni baya.

Sheria hiyo niliifuata kwa majani maisha yangu yote ya kazi. Kwa watu sikukumbuka kuifuata.

Sasa niwajulishe Mlowe, maana bila yeye hakuna habari. Mlowe ni Mbena wa Njombe. Alikuja Songea kijana, akaoa huku, sasa anaishi Ruhuwiko na wajukuu zake. Kazini alikuwa fundi wa kufungua na kushona marobota: anakata uzi, mimi naingiza mkono, natamka, yeye anashona. Na kwa kuwa yeye ni Mbena na mimi ni Mngoni, sisi ni watani. Babu zetu walipigana, halafu wakachoka kupigana, wakatuachia utani. Wengi wenu utani mnaujua kwenye misiba tu, siku watani wanapokuja kumsema marehemu. Sisi tuliuishi kila siku. Akinikuta nakula, anachukua nyama kwenye sahani yangu. Akiipenda kofia yangu, anaivaa na kuondoka nayo. Asubuhi ananisalimu, "Umeamkaje, mtumwa wangu?" Nami namjibu kwamba Mbena yeyote anayejua kusema mtumwa alijifunza kwetu akiwa amefungwa kamba. Anaweza kuniambia lolote, mbele ya yeyote, na mimi siruhusiwi kukasirika. Anayekasirika katika utani ndiye anayeaibika.

Mwaka ule ninaowasimulia, kuni zilikuwa shida. Katika kijiji kimoja cha Namtumbo alikuwepo mama mjane, Mama Deo, aliyekuwa akilima shamba aliloachiwa na mumewe. Bani lake lilikuwa limejaa majani na kuni ngumu zilikuwa zimemwishia. Upepo ukaangusha mti mkubwa pembeni ya makaburi ya kijiji. Mti ulilala pale, hakuna aliyeugusa. Mama Deo alikwenda kuuliza wazee kama anaweza kuuchukua. Wazee wakatazamana, hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Majani yake yalikuwa yakianza ukungu. Akachukua shoka.

Tumbaku ilikauka vizuri. Lakini siku ya soko, habari ilikuwa imefika ghalani kabla yake. Watu waliacha nafasi kushoto na kulia kwa robota lake, kama vile lina ndui. Nilisikia minong'ono nikiwa bado mlangoni: tumbaku imekaushwa kwa kuni za wafu. Mimi ni Mkatoliki, nilizaliwa Songea mjini, nilisoma sekondari, na nilidhani mambo hayo hayanigusi. Lakini Mlowe alipokata uzi na nikaingiza mkono, mwili wangu ulisisimka kuanzia kidoleni hadi shingoni. Nilichomoa jani. Lilikuwa la kahawia iliyokoza, lenye mafuta, laini kama ngozi iliyopakwa samli. Nililikunja, likajikunjua polepole, vile hasa Mzee Gama alivyonifundisha. Na mimi nilikuwa nataka kutapika.

Nikasema, "Robota hili linarudi. Linanuka."

Mama Deo alikuwa amesimama ng'ambo ya robota, mtoto wake Deo akiwa mgongoni. Akaniuliza linanuka nini. Nikasema moshi mbaya. Akaomba nimwite mteuzi mwingine anuse, nikamwambia mteuzi ni mimi. Akasema, bila kupaza sauti, "Bwana mteuzi, umenionea."

Nikamjibu, kwa upole kabisa, ule upole wa mtu mwenye cheo, "Mama, hizo ni hasira zako tu. Hasira hupita."

"Sina hasira," akasema. "Nimechoka, nimekesha na moto. Nikipumzika bado utakuwa umenionea."

Hapo ndipo Mlowe alipoinama, akatumbukiza uso wote ndani ya robota, akavuta pumzi kwa kelele, kisha akaanguka chali sakafuni, miguu juu, ulimi nje. Watu wakashtuka. Akafumbua jicho moja, akainuka taratibu akijipangusa. Akasema amekufa, amefika kuzimu, na huko amewakuta babu zangu wote wa Kingoni wamekaa wanavuta tumbaku hii hii, wameisifu, wakamuuliza, "Hivi yule mjukuu wetu kule juu, yule mwonevu, kazi alijifunzia wapi?"

Ghala zima lilicheka. Mlowe mwenyewe alicheka mpaka akajishika mbavu. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikamwambia arudi kuzimu kwa sababu huko ndiko Wabena wanakopata chakula, watu wakacheka tena, na nikasogea kwenye robota lililofuata.

Hilo ndilo kosa langu hasa, vijana. Kulirudisha robota lilikuwa kosa la dakika chache, na ningeweza kugeuka. Kicheko ndicho kilichonifungia mlango. Neno mwonevu lilikuwa limetamkwa wazi mbele ya kijiji kizima, lakini lilikuwa limetamkwa na mtani, na sisi huku tunajua la kufanya na neno la mtani: unalicheka, unalirudisha, linaisha. Nilipotazama nyuma, Mama Deo alikuwa anashona robota lake mwenyewe.

Baadaye nilisikia kwamba kijiji kilichukua neno langu kama ushahidi. Kabla ya siku ile walikuwa na woga tu, na woga huenda ungepoa baada ya mvua mbili tatu. Lakini sasa mtu wa koti la kazi kutoka mjini alikuwa ameinusa tumbaku na kusema inanuka. Zamu ya kulimiana ilipofika kwenye shamba lake, hakuna aliyetokea na jembe. Mwishowe alimfuata dada yake aliyeolewa Nalasi, Tunduru, kwenye mikorosho. Shamba la mumewe likabaki.

Na mimi je? Mimi niligeuza habari ile kuwa kichekesho changu. Nimeisimulia kwenye harusi na kwenye misiba, Mlowe akiigiza kifo chake na mimi nikiigiza uso wangu. Maneno ya mama yule niliyasimulia pia, kwa sababu yalinogesha.

Sasa nije karibu. Mwalimu Festo mnamfahamu, yule kijana anayefundisha sekondari na anayependa kubishana hata na redio. Juzi juzi, kabla ya kiangazi hiki kuisha, tulikuwa tumekaa pale pale dukani, Mlowe akiwa amekuja kunitembelea, yaani kuniibia karanga. Nikaisimulia tena habari ya robota. Wote wakacheka, ila Festo akaichukulia kama somo. Akasema mama yule hakuwa na makosa wala mimi sikuwa na makosa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukosea.

"Mzee, unyevu upo kwenye jani," akasema. "Ukali upo kwenye pilipili. Ubaya upo wapi? Nionyeshe niushike. Mtu akisema kuonea ni kubaya, ni sawa na kusema kuonea, khaa. Anatoa sauti ya moyo wake tu. Yule mama alitoa ya kwake, wewe ukatoa ya kwako."

Sitawaficha: niliposikia hivyo nilipata nafuu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nikakubali kwa kichwa. Lakini Mlowe aliacha kutafuna.

"Mwalimu, na mimi je?" akauliza. "Mama yule labda alikuwa na uchungu, ingawa alisema hana. Wanakijiji walikuwa na woga. Huyu mtumwa wangu alikuwa na kinyaa, nilimwona vinyweleo vimesimama. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na njaa, basi. Na nikamwita mwonevu. Hiyo ilikuwa sauti ya moyo gani?"

"Wewe ulikuwa unatania, mzee," akasema Festo.

"Nilikuwa natania, ndiyo. Sikusema nilikuwa nadanganya."

Nilimgeukia. Nilimuuliza kama anataka kuniambia kwamba siku ile alimaanisha.

"Hukuwahi kuniuliza."

"Ningejuaje? Ulikuwa unacheka."

"Ungeangalia robota, mtani," akasema Mlowe. "Wewe ulikuwa unaangalia meno yangu."

Akarudi kwenye karanga. Festo alianza kueleza kwamba pengine Mlowe alikuwa na hisia ndogo ambayo hakuitambua, na kwamba watu wa makabila na dini mbalimbali wanaona mambo tofauti, na kadhalika. Ni kijana hodari, na hoja zake nyingine sijaweza kuzivunja mpaka leo. Mkimkuta mwulizeni. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kwa mawazo. Nilikuwa nimerudi ghalani, na kopo la maji na majivu mkononi.

Maana nilijua jinsi ya kupima. Nilifundishwa. Nikaanza na kinyaa changu juu ya kuni za makaburini. Nikakinawa. Miaka imepita, kinyaa kimekwisha chenyewe, nikalishika tena lile jani kwa kumbukumbu: rangi, mafuta, lile kujikunjua polepole. Hakuna kilichobaki kibaya. Harufu ilikuwepo kweli, ila haikuwa ya tumbaku. Sisemi kwamba kuheshimu makaburi ni ujinga. Mimi mwenyewe siwezi kukalia kaburi. Nasema swali nililoajiriwa kulijibu lilikuwa la jani, na jani lilikuwa safi.

Kisha nikashika lile neno lingine, kwamba nilimwonea. Hapa ndipo nilipopata mshangao. Kama Festo yuko sahihi, neno hilo lilipaswa kuwa limefifia zamani, kwa sababu hisia zake zote zilikuwa zimefifia. Mlowe hakuwahi kuwa na hasira. Mama yule, kwa nijuavyo, alikuwa anaokota korosho zake. Mimi mwenyewe sikuwa najisikia vibaya hata kidogo. Nimelicheka jambo lile mara nyingi kiasi kwamba aibu yake ilikuwa imechakaa kama shati la kazi. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, sikukuta hisia yoyote ya kunawa. Na bado nilikuwa nimemwonea. Mtu asiye na kosa, msimu wake mzima, kwa sababu ya vinyweleo vyangu. Lilibaki baya.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi hisia ni takataka. Mteuzi asiye na pua hafai, na mtu asiyesisimka akiona mwenzake anadhulumiwa ni wa kumkimbia. Ila pua inakuita uje uangalie. Haikupi daraja. Ninyi mnapoambiana hizo ni hisia zako, mnadhani mmemaliza mazungumzo. Mimi nawaambia hapo ndipo kazi inapoanza: naweni, mshike tena, muone kama kuna kitu.

Nikamwambia Mlowe nakwenda Nalasi. Akasema anakuja, ili ahakikishe sishuki Namtumbo na kurudi nikisema sikumkuta mtu.

Lami inafika Tunduru siku hizi, safari si ile ya zamani. Kutoka Tunduru tulipanda gari jingine hadi Nalasi, tukauliza, tukaelekezwa kwenye nyumba yenye uwanja uliofagiwa chini ya mikorosho. Mama Deo alikuwa ameketi kwenye mkeka akibangua korosho, vidole vikiwa vimeliwa na mafuta yake. Ni mkubwa kwangu kidogo, nikamwamkia shikamoo dada. Akaitikia marahaba akinitazama bila kunikumbuka. Kisha akamwona Mlowe.

"Wewe ndiye uliyekufa ndani ya tumbaku yangu," akasema.

Hapo akajua na mimi ni nani. Hakuinuka. Alimwambia mjukuu alete maji na viti, tukanywa, tukaulizana afya za nyumbani. Kisha nikasema kilichonileta, kwa kifupi, kwamba robota lake lilikuwa zuri, nililijua ni zuri nikiwa nimelishika, na nilimwonea.

Akaniuliza, "Umekuja kwa kuwa roho inakuuma?"

"Hapana, dada. Ingekuwa inaniuma ningekuja zamani. Nimekuja kwa kuwa ni kweli."

Alibangua korosho moja, ya pili. "Hilo nilikwambia siku ileile," akasema.

"Uliniambia."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nalijua. Kawaambie wasiolijua."

Ndipo akatueleza habari ya Deo, yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa ni baba wa watoto. Mwaka jana alirudi Namtumbo kufyeka shamba la baba yake. Pale Nalasi anaishi kwenye ardhi ya mama mkubwa, na watoto wa mama mkubwa wamekua, wanaitaka. Kule kijijini watu walimpokea kwa salamu nzuri. Wakamwita jina zuri usoni, na mgongoni wakamwita wa kuni za wafu. Alikwenda kulima kwenye zamu za wenzake, zamu yake ilipofika wote walikuwa na udhuru. Mtu mmoja peke yake hawezi kufungua pori la miaka yote ile, na tumbaku haimsubiri mtu. Akarudi kwa mama yake, mikono mitupu. Mvua za mwaka huu zikipita bila shamba kulimwa, alisema Mama Deo, ndugu wa marehemu mumewe wanataka kuliomba kwa serikali ya kijiji kwa kuwa halina mtu.

"Wewe ndiye uliyesema linanuka," akamaliza. "Ni wewe utakayesema halikunuka. Mimi wakinisikia watasema ni uchungu wa mama."

Siku tuliyofika kijijini kule Namtumbo, tukitoka Nalasi, ilikuwa ya mkutano wa wakulima, kugawana mbegu na pembejeo ndani ya ghala lile lile, lililoezekwa upya. Mwenyekiti wa chama chao, kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, alinipa nafasi kwa kunionea haya, akidhani mstaafu anataka kusalimia. Waliokuwepo siku ile ya robota walikuwa wachache, wazee, wamekaa mbele. Wengine wote walikuwa wamezaliwa wakiikuta habari hiyo kama mlima, jambo lililokuwepo tu.

Sikuwa na hotuba. Nilisema mimi ndiye mteuzi niliyelirudisha robota la Mama Deo. Nilisema lilikuwa limekauka vizuri, halikuwa na harufu yoyote isiyo ya tumbaku, na nilijua hivyo nilipolishika. Nilisema kilichonuka kilikuwa mikononi mwangu. Nilisema nilimwonea, na kwamba kama watu hapa wanamwogopa mwanawe kwa sababu ya pua yangu, basi wameshikilia uongo nilioutamka mimi.

Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mfuko wa mbolea, kwa huruma ya kweli, akasema, "Babu, pole. Hayo ni majuto tu ya uzee. Yatapita."

"Sina majuto leo, nimechoka na safari," nikamjibu. "Nikipumzika bado nitakuwa nimemwonea."

Wazee wa mbele waliinua vichwa. Walikuwa wameyasikia maneno hayo kabla. Na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikamgeukia Mlowe. Nilingoja afanye lolote, aanguke, atoe ulimi, aseme babu zangu wamefurahi kuzimu. Angefanya hivyo ghala lingecheka, tungeshikana mikono, na jambo lingekwisha kama lilivyokwisha mara ya kwanza. Alikuwa amekaa na kofia yangu magotini, ametulia, mdomo ameufunga. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

Hakuna aliyecheka.

Nilisikia bati likipanuka kwa jua. Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele, ambaye siku ile ya zamani alikuwa miongoni mwa walioacha nafasi kando ya robota, alijisukuma kwa fimbo yake akasimama. Hakuniangalia mimi. Alimwuliza mwenyekiti kama Deo ana simu.

"Mwambieni aje kabla ya mvua," akasema. "Na aje na majembe yake. Lile shamba limeota miti."